Spea imefika Kigoma lakini haiingii: kutafuta tatizo kwenye mitambo iliyobadilishwa majina

Mzigo umetoka Dar na basi, umelala njiani, umefika Kigoma mjini usiku, asubuhi umepanda gari la saiti mpaka kule mbele ya Uvinza, unafungua boksi opareta kasimama pembeni na bosi yuko kwenye simu anauliza "imeingia?", alafu filta haishiki, nyuzi zinakataa. Unampigia muuzaji anakwambia mkuu mbona nimekutumia ulichoagiza, na ukirudi kwenye meseji ni kweli kabisa, uliandika filta ya dizeli ya eskaveta 320 na yeye kakutumia ya 320.

Mimi ni fundi mitambo huku Kigoma, nashika greda, eskaveta, buldoza na maloda ya kichina, na kazi inayonichosha kuliko hata kushusha injini ni hii ya kutafuta spea ya mashine ambayo jina lake limebadilishwa. Kampuni inauzwa, jina linabadilika. Kiwanda kinafuta herufi ya mwisho. Mashine moja inauzwa na kampuni mbili kwa majina mawili na rangi mbili. Na kuna wakati jina linabaki lilelile miaka na miaka huku ndani wameshabadilisha injini. Mtu wa Dar akikosea anarudi kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani jioni ileile anabadilisha, sisi kwa reli tu tupo zaidi ya kilomita 1,200 kutoka huko, ukikosea umepoteza siku nne au tano, na kama ni Mei mvua zimekatika na barabara ndo inalilia greda, izo siku zinauma sana.

Kabla ya kuingia kwenye dalili naomba tukubaliane kitu kimoja. Mtu anazaliwa anapewa jina, akipata mtoto mtaa mzima unamwita mama fulani, kazini anaitwa kwa cheo, lakini NIDA wao wanamjua kwa namba na alama za vidole. Mtambo ni hivyohivyo. Stika kubwa ya ubavuni ni jina la mtaani. Seriali ya mtambo, namba ya injini, na vibati vidogo vilivyopo kwenye pampu na giaboksi, ivyo ndo alama za vidole. Karibu kila tatizo nitakalolitaja hapa chini linaanzia pale mtu alipoagiza kwa jina la mtaani.

Dalili: jina ni lilelile, spea ni ya mashine nyingine kabisa

Hii inatokea sana kwenye Cat (Caterpillar). Kwa miaka mingi walikuwa wanaongeza herufi kila wakitoa toleo jipya. Eskaveta 320 ilianza miaka ya 1990 bila herufi, zikafuata 320B, 320C, 320D, 320E, 320F, alafu mwishoni mwa 2017 wakatoa toleo jipya wakaliita 320 tu, herufi wakaitupa. Kwaiyo leo zipo 320 mbili ambazo hazina herufi, moja ina umri wa kuwa mzazi wa nyingine. Ya zamani ina injini 3066, silinda sita, pampu ya dizeli ya kawaida unayoweza kuifungua na kuipima, ile mpya injini yake ni ya dizeli ila inaongozwa kwa umeme na kompyuta, na ina skrini kubwa mbele ya opareta. Ukimwambia mtu wa duka "320 haina herufi" umemwambia nusu.

Greda nazo ni hivyo. Tumezoea 140G, 140H, 140K, 140M, na sasa imerudi kuwa 140 tu, wakati kabla ya G kulikuwa na 140 pia. Buldoza D6T sasa inaitwa D6, D8T inaitwa D8. Na msidhani herufi ya mbele zaidi maana yake mashine kubwa zaidi, D8L ilikuwa na nguvu farasi 335, D8N iliyokuja baada yake ina 285, ni mashine nyingine yenye mwili mdogo, kwaiyo mtu anayesema "D8 ni D8" anaenda kununua rola za chini ambazo hazitakaa.

Unaijuaje mapema? Muuzaji akikutajia bei mbili zinazopishana mno kwa kitu kimoja, au akikuuliza "ya zamani au mpya?", simama hapohapo. Na usimjibu kwa mwaka, maana mitambo mingi huku imenunuliwa used, mwaka unaoujua wewe ni wa kushuka bandarini, wa kutengenezwa ni mwingine. Mpe seriali. Kwenye Cat za zamani seriali ina tarakimu nane, tatu za mwanzo ni kama ukoo na tano zinazofuata ni namba ya mashine yenyewe. 72V ni 140G, 2ZK ni 140H, 9TC ni D8N, 7XM ni D8R. Kitabu cha spea kinafuata izo tatu za mwanzo, sio stika, na modeli moja inaweza kuwa na ukoo zaidi ya mmoja, ndo maana mashine mbili za jirani zote 140G zinaweza kutofautiana pampu. Mashine za miaka ya 2000 kuja huku zina namba ndefu ya tarakimu 17 inayoanza na CAT, inafuata modeli, inafuata alama moja ya ukaguzi, alafu nane za mwisho ndo zilezile, tatu za ukoo na tano za mashine. Ukishindwa kuandika zote andika izo nane za mwisho bila kukosea.

Kama stika imepakwa rangi na hujui ni 140K au 140M, ingia kebini. M haina usukani, ina joistiki mbili tu. K ina usukani na levya zake. Stika inabandikwa na yeyote, usukani hauwezi kubandikwa.

Dalili: spea za mwili zinaingia vizuri, za injini zinakataa

Hapa ndo nilipojifunza kwa maumivu. Kulikuwa na eskaveta ya Komatsu PC200-6 inakula maji, tukaamua kushusha hedi, tukaagiza gasketi ya hedi ya PC200-6 kwenye duka moja Dar, tukasema na dashi kabisa, dashi sita, tukajiona tumemaliza. Gasketi ikafika, kuiweka juu ya bloku matundu ya bolti hayakutani na tundu za silinda ni ndogo kuliko silinda. Injini ilikuwa 102, gasketi ni ya 95. Kumbe PC200-6 zimetoka na injini mbili tofauti, zipo zenye 6D95 na zipo zenye 6D102, mwili ni mmoja, jina ni moja, dashi ni moja. Mashine ikalala wiki nzima kifusi kimelundikwa njiani na malori yanazunguka kwa mbali, na kosa lilikuwa letu sisi tulioagiza maana kibati cha injini kilikuwepo na hatukukisoma.

Toka siku iyo nafundisha vijana kusoma jina la injini ya Komatsu kama sentensi. Chukua SAA6D107E. S ni tabo (turbocharger) ipo. AA ni kipoza hewa kinachopozwa na hewa, ikiwa A moja ni kipoza cha maji. 6 ni idadi ya silinda. D ni dizeli. 107 ni upana wa silinda kwa milimita. Kwaiyo 95, 102 na 107 sio namba za kupamba, ni kipenyo cha pistoni, unaweza kuzihakikisha kwa vernia (kile kipimo cha taya cha kupimia kipenyo). Kwa kifupi PC200-5 ni 95, PC200-6 ni 95 au 102, PC200-7 ni 102, PC200-8 ni 107.

Alafu kuna faida kubwa hapo ambayo wengi wanaiacha. S6D102 ni ndugu wa damu wa Cummins 6BT ya lita 5.9, na SAA6D107 ni Cummins QSB ya lita 6.7, maana Komatsu na Cummins wanashirikiana kwenye injini toka miaka ya 1990. Ukikosa ringi za 102 kwenye duka la Komatsu, duka la Cummins linaweza kuwa nazo kwa jina lake. Ila usiende ukasema "nipe ya 6BT" basi. Kwenye kibati cha Cummins, ambacho kwa 6BT kipo kwenye kava ya gia upande wa pampu ya dizeli, kuna namba inaitwa CPL. Iyo ndo inasema injini hii ilifungwa pistoni gani, tabo gani, injekta gani. 6BT ya lori na 6BT ya mtambo zinafanana kwa macho, CPL zinapishana.

Tatizo kama la PC200-6 lipo pia kwenye 320D, zipo zenye C6.4 inayoongozwa kwa umeme na zipo zenye 3066. Na iyo 3066 yenyewe ni Mitsubishi S6K iliyopewa jina la Cat, kwaiyo muuzaji wa Mitsubishi anaweza kuwa na slivu zako bila yeye kujua kuwa ni za Cat. 3064 ni S4K, ya silinda nne.

Hitachi rahisi zaidi, hesabu silinda tu. EX200-5 na ZX200 ya kwanza zina Isuzu 6BG1, silinda sita. ZX200-3 ina Isuzu 4HK1, silinda nne. Mtu akikuagiza "gasketi ya Zaxis 200", yaani ZX200, muulize dashi ngapi kwanza. Na 6BG1 imekaa kwenye mashine nyingi mno, Case CX210 ya kwanza wanayo, JCB JS220 za zamani wanayo, kwaiyo ukikwama tafuta kwa jina la injini badala ya jina la eskaveta.

JCB 3CX, ile yenye baketi mbele na mkono wa kuchimba nyuma, ni mfano wa kinyume. Jina lipo toka 1980 halijaguswa. Ila kuanzia 2004 wakaanza kuweka injini yao wenyewe ya Dieselmax, kabla ya hapo zilikuwa zinakuja na Perkins. Kwaiyo "filta ya oili ya 3CX" ni swali ambalo halijakamilika. Kama ni Perkins, namba ya injini inaanza na herufi mbili, kwa mfano AB au RG, izo mbili ndo aina ya injini, zitume pamoja na namba nyingine zote zinazofuata. Na Cat walinunua Perkins 1998, kwaiyo ukiona Cat 3054 kwenye mashine ndogo usishangae fundi mzee akikwambia iyo ni Perkins 1004, anasema kweli.

Dalili: muuzaji anakwambia mashine iyo hatuna kabisa, haipo kwenye mfumo

Mara nyingi ipo, imehama ukoo. Mfumo wa duka umeandikwa kwa jina la sasa, mashine yako ina jina la marehemu.

Daewoo ndo mfano mkubwa. Eskaveta za Daewoo Solar 220LC-V zimejaa. Daewoo ikawa Doosan 2005, zikaja DX225LC, alafu kampuni ikaenda kwa Hyundai 2021, na mwanzoni mwa 2023 jina likawa Develon. Kwaiyo mtu ana Solar, anatafuta "Daewoo", kijana wa kaunta kazaliwa wakati jina limeshakufa, anasema hatuna. Mwambie atafute Doosan, akikosa mwambie Develon, na umpe seriali. Ila angalia, DX225LC sio Solar 220 iliyopakwa rangi mpya, ni toleo lililofuata, usikubali abadilishe kirahisi tu kwa sababu ya tani kufanana.

Volvo walinunua kitengo cha mitambo cha Samsung 1998. Ukiwa na eskaveta ya Samsung SE210 au Volvo EC210 za mwanzo utakuta spea zina namba inayoanza na SA, uo ni urithi wa Samsung, wakati za Volvo wenyewe zinaanza na VOE. Usiitupe namba ya SA, ipeleke kwa muuzaji wa Volvo aitafutie mrithi wake. Greda za Champion ndo hivyohivyo, Volvo waliinunua Champion ya Kanada 1997, wakatoa G700 alafu G900. Greda la Champion 740 likiwa porini na hakuna anayelijua, mlango wa kugonga ni wa Volvo.

Kuna hizi za kuuzwa kwa majina mawili. Hitachi na John Deere walikuwa na ubia wa eskaveta toka 1988 mpaka mwisho wa Februari 2022, kwaiyo unakuta Deere ya njano na nyeusi ambayo mkono, baketi, mota za kutembelea ni za Hitachi tupu, lakini injini wameweka ya Deere wenyewe. Ukiagiza spea za mwili kama Hitachi unafaulu, ukiagiza za injini kama Hitachi umeumia. Case CX210 ni Sumitomo SH210 kwa jina lingine. New Holland E215B ni Kobelco SK200-8, injini yake Hino J05E. Hapa nawasihi mafundi wenzangu, ukishagundua mashine yako ina ndugu, iandike kwa rangi ndani ya mlango wa kebini, anayekuja baada yako asianze upya.

Dalili: namba iliyopo kwenye boksi sio uliyoagiza

Hapa watu wanagombana bure na kurudisha spea iliyokuwa sahihi. Viwanda vinabadilisha namba za spea mara kwa mara, ya zamani inafutwa inawekwa nyingine. Muuzaji akiingiza ya zamani mfumo unamletea mpya, anatuma mpya, wewe unaona kaleta kitu kingine. Muombe picha ya skrini inayoonyesha namba yako inaelekea kwenye iyo mpya. Kama ipo, pima kwa vernia urefu, upana, nyuzi, ukiridhika funga.

Ila mambo mawili. Moja, mabadiliko ya namba mara nyingi yanaenda upande mmoja, mpya inaweza kukaa mahali pa zamani lakini ya zamani isikae mahali pa mpya, kwaiyo ukikuta duka lina "mzigo wa zamani wa bei nafuu" na mashine yako ni ya seriali za mbele, usikimbilie. Mbili, kuna spea mpya ambazo haziji peke yake, zinataka na bomba lake au sili yake au bolti ndefu zaidi. Umefunga injekta mpya kumbe wasa iliyobadilika hukuagiza. Uliza "inahitaji nini kingine?" kabla hujatuma pesa.

Na Komatsu wana tabia ya kugawa kitabu kwa seriali, ukurasa mmoja unasema kuanzia namba fulani mpaka fulani, ukurasa unaofuata unaanzia hapo na kuendelea. Mashine mbili zote PC200-8 zinaweza kuangukia kurasa tofauti.

Dalili: namba haisomeki, au ukiiingiza haileti kitu

Kwanza soma upya. Kwenye namba ndefu ya tarakimu 17 herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, kwaiyo ukiona kitu kama O ni sifuri, kitu kama I ni moja. Hili peke yake limenitatulia kesi nyingi kwa simu. Mkanganyiko mwingine ni 8 na B, 5 na S, hapo hamna sheria, ni macho.

Kama kibati kimeliwa na kutu au kimepakwa rangi, osha kwa dizeli na kitambaa, usiguse msasa wala grainda, umeshafuta. Kikikauka paka chaki au hata unga wa muhogo alafu futa juujuu kwa kiganja, unga unabaki kwenye mikwaruzo ya herufi, kisha mulika tochi kutokea pembeni na sio kwa mbele. Piga picha kadhaa. Kama kibati hakipo kabisa tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, kwenye eskaveta pitia karibu na mguu wa mkono mkubwa, futa grisi na udongo mpaka uione.

Ukikuta kibati na namba ya kwenye fremu hazifanani, amini fremu, na jua kuwa mashine iyo imepitia mikono mingi. Hapo injini nayo inawezekana sio yake, kwaiyo kila kitu cha injini agiza kwa namba ya injini tu, sahau modeli ya mtambo.

Dalili: pampu imeingia, bolti zimekaa, lakini mashine haina nguvu au injini inazima ikibeba

Hii ni mbaya kuliko zote maana spea imeingia, kwaiyo watu wanaanza kutafuta ugonjwa kwenye injini. Pampu ya Kawasaki K3V112DT ipo kwenye eskaveta nyingi za tani ishirini, Hyundai, Volvo, Daewoo, Kobelco. Muuzaji anakwambia K3V112 ni K3V112. Mwili ni mmoja kweli, ila herufi na namba zinazofuata baada ya iyo zinasema upande wa kuzunguka, na regileta ya aina gani, na regileta ndo inayoamua pampu ishushe mtiririko wakati gani ili injini isizime. Ukifunga yenye regileta ya mashine nyingine, mkono unapanda taratibu au injini inalemewa na kuzima. Kabla hujalaumu injekta, linganisha kibati cha pampu mpya na cha pampu ya zamani herufi kwa herufi mpaka ya mwisho. Kama mwili uko sawa na regileta ni tofauti, mara nyingi suluhisho ni kuhamisha regileta yako ya zamani, ikiwa bado nzima. Hesabu pia meno ya splaini ya shafti, usiangalie unene tu.

Na usimkubalie mtu anayekwambia K3V inaingia kwenye kila eskaveta ya tani ishirini. PC200-6 mpaka 8 zina HPV95 ya Komatsu, ZX200 ina HPV102.

Cheni na meno

Cheni usiagize kwa jina la mashine hata siku moja, agiza kwa vipimo. Pima toka katikati ya pini mpaka katikati ya pini, bora upime pingili nne kwa pamoja ugawe kwa nne maana cheni iliyochoka inarefuka na pingili moja itakudanganya. Eskaveta za tani ishirini nyingi ni milimita 190, D8N na D8R ni 216. Alafu hesabu pingili. PC200 fupi ina 45, PC200LC ndefu ina 49, na herufi LC mara nyingi ndo ya kwanza kufutika kwenye stika, kwaiyo hesabu.

Meno ya baketi yafuate adapta iliyochomelewa, sio mashine. Baketi nyingi huku zimeshabadilishwa, unakuta Komatsu ina baketi yenye adapta za Cat J350. Ling'oe jino moja, soma namba iliyopo ndani au pembeni, pima tundu la pini. Imeisha.

Za kichina

Hapa watu wanakata tamaa mapema na hawana sababu. Loda ya ZL50 sio modeli ya kampuni moja, ni jina la aina, 50 ni tani tano, na kila kiwanda kilitengeneza ya kwake kisha kikaipa jina jipya, ndo maana ukisema "nataka spea ya ZL50" unaulizwa maswali kumi. Gawa mashine vipande. Injini ikiwa Weichai WD615, jua kuwa baadaye waliiita WD10, ni lita 9.7 ileile, kwaiyo tafuta kwa majina yote mawili. Giaboksi fungua macho uone kama ni ya gia za sayari (planetary) au ni ZF 4WG200, na ZF wana kibati chao chenye namba ndefu ya orodha ya spea inayoanza na 4644, iyo ndo unaituma. Injini ya Shanghai C6121 ilitokana na Cat 3306, injini ya 140G.

Buldoza Shantui SD22 imetokana na Komatsu D85A-18, inatumia Cummins NT855, na SD32 imetokana na D155A-1. Nimeshawahi kukuta SD22 imelala Kasulu kwa kukosa sili za fainali (gia za mwisho zinazozungusha cheni), wakati mfanyabiashara wa Tabora alikuwa nazo kwenye shelfu zimeandikwa D85, hakuna aliyemuuliza kwa jina ilo. Zikaletwa, zikaingia siku ileile.

Saivi kila mtambo ninaoushika nauandikia ukurasa mmoja kwenye daftari siku ambayo mashine ni nzima na hakuna anayenikimbiza: seriali yote, injini na CPL au herufi zake, kibati cha pampu mpaka herufi ya mwisho, giaboksi, pingili za cheni, na majina yote ambayo mashine iyo imewahi kuitwa. Picha zake nahifadhi kwenye simu na nakala moja anakaa nayo opareta. Wiki iliyopita usiku opareta kanipigia yuko mbali na mtandao unakatika, kasema tabo imekufa, nikafungua daftari nikamtumia muuzaji namba nikiwa nimekaa nyumbani Mwandiga, sikuhitaji hata kumuuliza opareta mashine yake inaitwaje.